Sura ya 7: Mishipa Ikiisha, Damu Ipite Wapi?

“Daktari, nimeambiwa mishipa yangu imekwisha. Sasa nitasafishwa kupitia wapi?”

Anayeuliza hivyo ni mgonjwa wa figo aliyekaa kwenye mashine miaka kadhaa. Mkewe huliuliza swali hilo hilo kwenye korido, na mtoto wao mkubwa huliuliza anapotumwa kutafuta fedha za upasuaji wa pili baada ya ule wa kwanza kugoma. Mara nyingi jibu wanalopewa ni fupi: atawekewa mpira mwingine shingoni. Wanarudi nyumbani wakiwa kimya, kila mmoja akihesabu siku kivyake.

Jibu langu ni hili. Mtu anapoambiwa mishipa imekwisha, mara nyingi zilizokwisha ni sehemu rahisi kufikiwa, au hakuna aliyepiga picha kuangalia zilizobaki. Mikono miwili, kifua na mapaja vina njia nyingi, na tumbo lina njia yake isiyohitaji mshipa hata mmoja. Lakini sitaki kumpa mtu matumaini ya bure: kwa kawaida kila njia inayofuata ni ghali zaidi, ina hatari zaidi, na hudumu muda mfupi kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu kuliko ufundi wa kisu.

Kwa nini sindano ya dripu haitoshi

Mwilini kuna mishipa ya damu ya aina mbili kubwa. Ateri hutoa damu moyoni na kuisukuma viungoni kwa nguvu. Ndiyo inayodunda ukigusa kifundo cha mkono. Vena huirudisha damu moyoni taratibu, bila mdundo. Ndiyo ile ya kijani unayoiona kwenye mgongo wa kiganja. Ateri ina nguvu ya kutosha lakini imejificha ndani, na kuichoma kila siku ya pili kungeleta maumivu na uvujaji wa damu usiokwisha. Vena iko juu juu na inachomeka, ila damu inayopita humo ni kidogo mno.

Na mashine haitaki kidogo. Mashine ya kusafisha damu, kazi ambayo hospitalini huitwa dayalisisi, huvuta takriban mililita 300 kila dakika. Kwa saa nne hizo ni lita 72. Mtu mzima ana kama lita tano tu za damu, kwa hiyo damu ile ile hupita kwenye chujio mara 14 hivi kabla mgonjwa hajashuka kitandani. Kila kipindi kinahitaji sindano mbili nene, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Ratiba ya kawaida ni mara tatu kwa wiki, ingawa Kenya, kwa miaka mingi, bima ya NHIF ililipia mara mbili. Hata kwa hizo mbili, mkono unachomwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka.

Tatizo lenye umri sawa na mashine

Willem Kolff, daktari Mholanzi, alijenga figo bandia katika mji wa Kampen nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, akitumia utando wa kufungia soseji kama chujio. Mwaka 1943 alimtibu mwanamke wa miaka 29 mwenye figo zilizokufa kabisa. Chujio lilifanya kazi. Ila kila kipindi kilihitaji kufungua mshipa mwingine, na baada ya vipindi 12 hapakubaki mahali pa kuingilia. Mwanamke yule alifariki. Kwa maneno mengine, tatizo la kuishiwa mishipa lilianza na wagonjwa wa mwanzo kabisa wa mashine.

Kwa miaka 17 iliyofuata mashine ilibaki kuwa msaada wa wale ambao figo zao zingepona zenyewe baada ya wiki chache. Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle, Marekani, aliacha mirija miwili ya Teflon mkononi mwa fundi mitambo aitwaye Clyde Shields, mmoja ndani ya ateri na mwingine ndani ya vena, ikaunganishwa nje ya ngozi wakati mashine haitumiki. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Mirija hiyo iliziba na kuoza mara kwa mara, lakini ilithibitisha kwamba mtu anaweza kuishi bila figo.

Dawa ya kweli ilitoka katika hospitali ya maveterani wa jeshi huko Bronx, New York. James Cimino, ambaye enzi za uanafunzi alifanya kazi ya kutoa watu damu, na mwenzake Michael Brescia, walijua kwamba jeraha likitoboa ateri na vena kwa pamoja, vena hupokea damu ya nguvu na kutanuka, na mwenye jeraha huendelea kuishi. Je, wakilitengeneza tundu hilo kwa makusudi? Daktari wa upasuaji Kenneth Appel akawashonea. Walichapisha matokeo mwaka 1966, na hadi leo upasuaji wao ndio wa kwanza kufikiriwa.

Fistula, grafti na mpira

Fistula ya mkono haihusiani kabisa na ile ya uzazi ambayo wasomaji wengi wameisikia redioni. Hapa ni muungano wa ateri na vena, uliofanywa kwa kisu kidogo, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu. Ateri ya kifundo cha mkono, ambayo kawaida hupitisha mililita 20 au 30 kwa dakika, huanza kumimina damu ndani ya vena. Baada ya wiki kadhaa inaweza kupitisha 600 au zaidi. Vena hunenepa, ukuta wake hukomaa. Ukiweka vidole juu yake unausikia mtetemo, kama paka anayekoroma.

Wauguzi wana kanuni rahisi ya sita: baada ya wiki 6, mshipa uwe na upana wa milimita 6, usiwe chini ya ngozi zaidi ya milimita 6, na upitishe mililita 600 kwa dakika. Fistula nyingi hazifiki hapo bila kusaidiwa, na baadhi hazifiki kamwe. Mgonjwa asijilaumu.

Grafti ni mshipa bandia, mrija laini wa plastiki unaozikwa chini ya ngozi, upande mmoja ukishonwa kwenye ateri na mwingine kwenye vena. Hutumika pale vena za mtu mwenyewe ni nyembamba. Huchomwa baada ya wiki mbili au tatu, na zipo aina mpya zinazoweza kuchomwa ndani ya siku moja hadi tatu. Huziba upesi kuliko fistula, na ikishika vijidudu mara nyingi lazima itolewe.

Mpira, yaani katheta, huingizwa kwenye vena kubwa ya shingo hadi karibu na moyo, ncha zake zikining'inia kifuani. Unafanya kazi siku hiyo hiyo na hauna maumivu ya sindano, kwa hiyo wagonjwa wanaupenda. Lakini ni njia iliyo wazi kati ya ngozi na moyo, na homa yenye kutetemeka wakati wa kusafishwa mara nyingi inatoka humo.

Kwa ufupi: fistula hudumu zaidi na huambukizwa kidogo lakini huchukua muda kukomaa, grafti ni ya haraka zaidi lakini huziba, mpira ni wa papo hapo na ndio wenye madhara makubwa ukikaa muda mrefu.

Mishipa humalizwa na nini?

Kisukari, shinikizo la damu na umri vimo kwenye orodha, lakini sababu inayoniudhi ni ile tunayoisababisha wenyewe. Mgonjwa wa Afrika Mashariki mara nyingi hufika hospitali akiwa tayari anatapika, amevimba, hana muda wa kusubiri fistula ikomae. Anawekewa mpira. Mpira wa dharura unageuka wa miezi, ukioza unahamishiwa upande wa pili, kisha kinena. Wakati huo huo kila anayelazwa huchomwa dripu kwenye kiwiko, pale pale ambapo daktari wa upasuaji angepahitaji.

Mpira wenyewe hukwaruza ukuta wa vena, na kovu likijikaza vena hubanwa. Mbaya zaidi ni ule unaopitishwa chini ya mtulinga. Tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa wanne au watano kati ya kumi waliowekewa hapo hupata vena iliyobanwa. Upande wa kulia wa shingo ndio wenye nafuu, kwa sababu vena yake inateremka moja kwa moja hadi moyoni. Ya kushoto ina kona mbili, na kila kona ni mahali pa kujikwaruza. Kwa hiyo daktari anapokuambia “tumeweka kulia,” hilo ni jambo jema.

Kabla ya kisu, picha

Ukitaka kumwagilia shamba kwa mfereji unahitaji vitu vitatu: chanzo chenye maji, mfereji usiovuja, na mahali pa maji kutokea. Wengi huangalia mfereji peke yake. Fistula na grafti ni vivyo hivyo. Chanzo ni ateri, mfereji ni ule mshipa unaochomwa, na kutokea ni vena zote kuanzia kwapa hadi moyoni. Mkondo wa juu ukiziba, fistula iliyoshonwa vizuri kuliko zote itauvimbisha mkono mpaka pete zikatwe.

Ndiyo sababu mgonjwa ambaye amewahi kuwekewa mpira, hata mmoja, anastahili vipimo viwili kabla ya upasuaji mpya. Cha kwanza ni altrasaundi ya mikono yote miwili, ambayo hupima upana wa ateri na vena bila maumivu wala mionzi. Cha pili ni picha ya vena kwa dawa ya rangi, inayoonyesha kama njia ya kifuani iko wazi. Cha pili kinagharimu zaidi na hakipatikani kila mahali, na ndicho kinachorukwa. Kukiruka ni kuokoa fedha za picha ili upoteze za upasuaji.

Tuseme kuna mama wa miaka 52, muuza samaki wa Bagamoyo. Fistula yake ya kushoto ilikufa, ya kulia haikukomaa, na ameshawekewa mipira mitatu. Ameambiwa hana mshipa. Altrasaundi inaonyesha vena nene upande wa ndani wa mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, ambayo haijawahi kuguswa kwa sababu imejificha chini kabisa. Picha ya rangi inaonyesha kifua upande wa kulia kiko wazi. Mama huyu ana njia, tena nzuri. Nimemtunga, lakini daktari yeyote wa mishipa atakuambia anamfahamu.

Kufufua kilichopo

Kabla ya kutafuta mahali papya, iulizwe kama pa zamani pamekufa kweli. Mshipa uliobanwa unaweza kutanuliwa kwa puto: waya mwembamba hupitishwa ndani, puto dogo hujazwa mahali palipobana, kisha hutolewa. Pengine huachwa stenti, yaani kijifereji cha wavu wa chuma kinachoshikilia ukuta usijikunje tena. Fistula iliyo ndani mno kwa mtu mnene huinuliwa juu kwa upasuaji mdogo ili sindano iifikie. Na ile isiyokomaa kwa sababu damu inachepukia kwenye matawi husaidiwa kwa kuyafunga matawi hayo.

Bonge la damu ni suala la saa. Fistula iliyonyamaza Jumatatu asubuhi inaweza kufunguliwa Jumatatu jioni au Jumanne. Ikifika Ijumaa, bonge limeshikana na ukuta na nafasi imepungua sana. Wagonjwa wengi husubiri siku yao ya mashine ndipo waseme. Hapo ndipo muuguzi anaposhika mkono na kuuliza, “Mzee, mtetemo umeisha lini?” na mzee anajibu, “Tangu juzi, mwanangu.” Ile juzi ndiyo iliyoua mshipa. Gusa mkono kila asubuhi na kila usiku, na ukikosa mtetemo piga simu siku hiyo hiyo.

Kupanda juu ya mkono

Kanuni ya wapasuaji ni kuanza chini na kupanda juu, kwa sababu ukitumia kiwiko kwanza, kifundo hakitakusaidia tena. Mkono usioutumia kuandikia hutangulia. Kwa mpangilio wa kawaida ngazi ni hizi:

- fistula ya kifundo cha mkono;
- fistula ya kiwiko, kwa vena ya upande wa nje;
- fistula ya vena ya ndani, ile ya mama wa Bagamoyo, ambayo lazima ihamishwe kutoka chini na kuletwa juu ya ngozi, mara nyingi kwa upasuaji wa awamu mbili;
- grafti ya mkono wa chini, iliyopinda kama herufi U;
- grafti ya mkono wa juu, kutoka kiwiko hadi kwapani.

Kisha mkono wa pili, kwa mpangilio huo huo. Mtu mwenye mikono miwili ana ngazi kumi kwa hesabu ya haraka, ingawa hakuna anayepata zote.

Kila ukipanda, damu inayopita huongezeka, na hilo lina bei yake. Fistula ya kiwiko inaweza kuiba damu iliyokuwa iende kwenye vidole. Mkono unakuwa wa baridi, unauma hasa wakati wa mashine, ngozi inapauka. Kwa wachache vidonda hutokea kwenye ncha za vidole. Wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Wapasuaji wana namna kadhaa za kulitatua: kuupunguza upana wa fistula ili damu ipungue, kuhamishia chanzo chake kwenye ateri ndogo ya chini zaidi, au kushona njia ya pembeni inayopeleka damu moja kwa moja kwenye kiganja. Kwa hiyo baridi ya vidole isiitwe “kawaida ya figo.” Iripotiwe.

Bei ya pili hulipwa na moyo. Fistula inayopitisha lita mbili kwa dakika inaulazimisha moyo kufanya kazi ya ziada usiku na mchana. Kwa mtu ambaye moyo wake tayari umechoka, mpira au njia ya tumbo vinaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko fistula nzuri.

Njia ya kifuani ikiziba

Hapa ndipo neno “imekwisha” hutamkwa kwa uhakika zaidi, na ndipo ufundi umesonga mbele zaidi. Dalili ni mkono kuvimba wote, mishipa kujitokeza begani na kifuani, pengine uso kujaa asubuhi. Hatua ya kwanza ni puto. Likifaulu, lazima mgonjwa ajue kwamba vena kubwa za kifua hurudia kubana, na kutanuliwa mara mbili au tatu kwa mwaka si ajabu.

Puto likishindwa kudumu, kuna kifaa cha vipande viwili kiitwacho HeRO, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2008. Kipande kimoja ni grafti inayozikwa mkononi na kushonwa kwenye ateri. Kingine ni mrija ulioimarishwa kwa nyuzi za chuma unaopenya pale palipobana na kutua kwenye chumba cha kulia cha moyo. Hakuna kinachobaki nje ya ngozi, kwa hiyo maambukizi ni machache kuliko ya mpira. Masharti yake: ateri iwe na upana wa angalau milimita 3, na shinikizo la damu, ile namba ya juu, lisikae chini ya 100. Ni kifaa ghali, na mgonjwa anayeshuka shinikizo kila akisafishwa hakitamfaa.

Njia nyingine haihitaji kifaa kipya, inahitaji mpasuaji mwenye moyo wa kuthubutu. Ikiwa kifua cha kushoto kimeziba na cha kulia kiko wazi, grafti inaweza kuvushwa kifuani, chini ya ngozi, kutoka ateri ya kwapa moja hadi vena ya kwapa la pili. Inakaa pale ambapo mkufu ungelala, na sindano huchomwa kifuani. Haipendezi kwa macho. Lakini mtu anaweza kuivalia shati na kwenda kazini.

Paja

Mikono yote miwili ikikataa, kuna paja. Ateri na vena za kinena ni pana, na grafti iliyopindwa mbele ya paja hutoa damu kwa wingi. Wapo pia wanaoihamisha vena ya ndani ya paja yenyewe badala ya kutumia plastiki. Upasuaji huo ni mkubwa zaidi lakini huepusha sehemu ya maambukizi.

Maambukizi ndiyo shida ya hapa. Kinena kina joto na jasho, na kiko karibu na njia za haja. Grafti ya paja ikioza, mgonjwa anaweza kupoteza mguu, na wengine hupoteza maisha. Mwenye kisukari cha muda mrefu au mvutaji sigara ambaye ateri za miguu yake zimeshaziba asikubali kabla mguu haujapimwa. Kuna jambo moja zaidi ambalo husahaulika: figo ya kupandikizwa huwekwa chini ya tumbo na kuunganishwa na mishipa inayoelekea paja. Kwa mgonjwa mwenye ndugu aliyejitolea figo, mpira wa kinena uliokaa miezi unaweza kuharibu mahali ambapo figo hiyo ingekaa. Timu ya upandikizaji iulizwe kwanza.

Njia za mwisho

Zipo pia njia ambazo daktari wa figo anaweza asizione zaidi ya mara chache katika kazi yake yote: mpira unaopitishwa mgongoni hadi vena kuu ya tumbo, mpira unaopitia kwenye ini, grafti inayotoka ateri na kurudi kwenye ateri ile ile, na grafti inayoshonwa moja kwa moja kwenye moyo kwa kufungua kifua. Zinaokoa maisha kwa miezi, kwa wachache kwa miaka. Sioni sababu ya kuzieleza zaidi. Mgonjwa anapofika hapo, swali lenye maana zaidi ni kama anaweza kutoka kabisa kwenye habari za mishipa.

Pasipo mshipa

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika utumbo, wenye vijishipa visivyohesabika. Mrija laini huwekwa chini ya kitovu, maji maalumu kama lita mbili huingizwa, yanakaa saa kadhaa yakinyonya uchafu kutoka kwenye damu, kisha yanamwagwa na kuwekwa mengine. Kwa kawaida hufanyika mara nne kwa siku, nyumbani, na mgonjwa mwenyewe. Hakuna sindano. Hong Kong imeifanya njia hii kuwa ya kwanza kwa wagonjwa wake tangu 1985. Kwetu bado ni wachache wanaoitumia, hasa kwa sababu ya gharama na upatikanaji wa maji hayo, pamoja na hofu ya maambukizi ya tumbo pale ambapo maji safi ya kunawia ni shida. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo inasikitisha kumwona mgonjwa akipasuliwa mara ya tano mkononi bila mtu kuwahi kumtajia tumbo.

Upandikizaji ndio njia ya kutokea. Muhimbili ilifanya wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka uliofuata. Nairobi na Eldoret walitangulia kwa miaka mingi, na Kigali ilianza mwaka 2023. Katika nchi hizi figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Marekani, yenye orodha ya kitaifa ya wanaosubiri figo za marehemu, iliamua mwaka 2021 kwamba mgonjwa aliyemaliza njia zote za mishipa na tumbo apewe kipaumbele cha dharura. Familia zetu zinaweza kujiwekea kanuni hiyo bila orodha yoyote: mazungumzo ya nani atatoa figo yaanze mshipa wa pili unapokufa, kabla ya wa tano.

Kuna pia wasiofaa kwa njia yoyote kati ya hizi. Mzee wa miaka 84 mwenye saratani hahitaji fistula itakayokomaa baada ya miezi miwili; mpira mmoja uliotunzwa vizuri unaweza kumtosha. Mwaka 2019 wataalamu wa figo wa Marekani waliacha kuhimiza fistula kwa kila mtu, wakasema mpango uanzie kwenye maisha ambayo mgonjwa anayatarajia. Nakubaliana nao kabisa.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

- Je, vena za kifua changu zimepigwa picha tangu nilipotolewa mpira wa mwisho?
- Fistula hii imekufa, au imebanwa tu mahali fulani?
- Baada ya upasuaji huu, ni njia zipi zitabaki, na ukigoma tutafanya nini?
- Mpira huu wa muda utatolewa lini?
- Je, tumbo langu linafaa?

Liandikwe pia jambo la dharura, kwa sababu limeua watu majumbani: fistula au grafti ikianza kutoa damu, usiizungushie kanga nzima mkononi. Bonyeza kwa kidole au viwili hasa pale pale panapotoka, inua mkono juu ya kiwango cha moyo, na mpelekeni hospitali kidole kikiwa hapo hapo.

Na kwa msomaji ambaye yeye au ndugu yake ameambiwa figo zimeanza kushindwa lakini bado hajaingia kwenye mashine: chagueni mkono mmoja leo, ule asioutumia kuandikia, usichomwe sindano wala dripu. Damu ya vipimo na itolewe kwenye mgongo wa kiganja cha mkono wa pili. Na ombeni kuonana na daktari wa upasuaji wa mishipa miezi sita kabla ya siku ambayo daktari wa figo anadhani mashine itahitajika.